Kwenda Mkongani Kuufungua Mtambo wa Bakari

Nilikwenda Mkongani kwa sababu mama mmoja alinipigia simu akaniambia mwanawe ameanza kushikwa na kigugumizi, na mwanawe huyo tulikuwa tumekwisha kumzika.

Mama huyo ni Bi Mejumaa, na mwanawe alikuwa Bakari, fundi mwenzangu. Tulisoma ufundi wa umeme pamoja, kisha tukatumia meza moja Ukunda, yeye akitengeneza redio na pampu, mimi simu na malango ya umeme ya nyumba za Diani. Bakari hakuweza kuona kitu kimetupwa asikifikirie matumizi. Aliwahi kuunda mbuzi ya kukunia nazi inayozungushwa na mota ya feni, ikarusha nazi hadi darini kwa jirani. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni mtambo aliousimamisha shambani kwa mamake, Mkongani, ambako nyani hutoka msituni na kuvuna mahindi kabla ya mwenyewe.

Kiwiliwili cha mtambo ule kilikuwa pipa la mafuta. Mikono yake ilikuwa rimu za baiskeli zilizotundikwa vifuniko vya sufuria, ikizungushwa na mota ya waipa zinazofuta kioo cha lori. Jicho lake lilikuwa lile dude linalowasha taa za bustani za hoteli mtu akipita. Kitu chochote kikisogea mbele yake, vifuniko viligongana na spika ikapaza sauti ya Bakari mwenyewe: "Toka! Shamba lina mwenyewe!" Nyani si wajinga, sauti moja wakiisikia siku nyingi huizoea. Kwa hiyo Bakari alijirekodi maneno mengi, na mtambo ukawa unachagua wenyewe lipi la kutoa. Kisha ajali ya barabarani ikamchukua. Mtambo ukabaki shambani, ukiamka na jua na kufanya kazi yake.

"Mwende mwanangu," Bi Mejumaa aliniambia katika simu, "anakwama. Anasema neno nusu, analirudia, analirudia. Na mikono haichezi tena, nyani wanakula. Bakari hakuwa na kigugumizi. Njoo umtazame."

Hakusema "uutazame".

Ukunda, asubuhi, nilifunga sanduku la vifaa nyuma ya pikipiki yangu nikaondoka. Kwa alivyonieleza, nilijua betri imechoka na kadi inayohifadhi sauti imeharibika. Sauti za asili zilikuwa katika simu ya zamani ya Bakari, na simu hiyo alikuwa nayo mjane wake, Mwanasha, ambaye baada ya kumaliza eda alirudi kwa wazazi wake Msambweni. Kwa hiyo kabla ya kupanda Mkongani ilinibidi niteremke kusini.

Njia ya Msambweni naijua sana, lakini siku hiyo sikuona mengi. Nakumbuka Gazi, upepo ulionisukuma upande, na harufu ya tope la mikoko. Nilikuwa nikipanga maneno. Ufundi wote nilioujua haukunifundisha namna ya kumwomba mjane sauti ya mumewe.

Msambweni, kabla ya adhuhuri, nilimkuta Mwanasha akianika nguo za mtoto. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, nikampa pole kwa mara nyingine. Kisha nikamweleza nilichojia. Alimaliza kuanika nguo zote ndipo akajibu.

"Dada Mwende, wewe wajua lile jitu husema nini?"

"Hufukuza nyani."

"Huniita mimi."

Tukakaa kibarazani akanieleza. Siku Bakari alipokuwa akijirekodi, yeye alipita kando ya shamba na ndoo ya maji. Bakari akamwita, "Mwanasha! Njoo uone!" na simu ikalinasa neno hilo. Alipolijaribu mtamboni, nyani walishtuka kuliko kwa maneno mengine yote, kwa hiyo akaliacha humo.

"Alipokuwa hai nilicheka," alisema. "Alipokufa, nikakaa eda mle nyumbani kwa mama mkwe. Mwanamke wa eda hana pa kwenda. Kuku akipita shambani, naitwa. Mbuzi akipita, naitwa. Mara ya kwanza niliitika. Nilitoka hadi mlangoni na upawa mkononi."

"Hukumwambia mama?"

"Ningemwambiaje? Sauti ile ikitoka, yeye huacha kila anachokifanya. Hata kama chungu kinaungua. Nimwambie naomba tumzime mwanawe? Nilinyamaza. Eda ilipokwisha, nikaja kwetu."

Akaingia ndani akatoka na simu imefungwa kwenye leso. Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Nitakwenda nayo mwenyewe," alisema. "Nikikupa wewe, utaitengeneza, na itaniita upya kwa sauti safi. Ngoja nimwachie mamangu mtoto."

Tulirudi kaskazini wawili, Mwanasha nyuma yangu. Kombani tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda kuelekea Kwale, na hewa ikapoa kidogo kidogo kama ifanyavyo upande ule. Mjini Kwale tulisimama kutia mafuta. Hapo ndipo aliposema neno lake la pekee njia nzima: "Tukifika, dada, usianze wewe. Mimi ndiye mkwe."

Mkongani, alasiri, tuliusikia mtambo kabla ya kuiona nyumba. Sauti ilitoka nyuma ya mikorosho, kavu, bila pumzi: "Mwa... Mwa... Mwa..." Niliijua sauti ya Bakari. Mikono ya Mwanasha ilikaza koti langu, na sikuthubutu kugeuka.

Bi Mejumaa alikuja mbio kutulaki, leso ikimdondoka begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, marahaba." Alimshika Mwanasha mikono yote miwili, asimwachilie. "Umerudi? Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Hajambo, mama. Nimemwacha kwa bibi yake. Nimekuja tuzungumze."

Tulikula kwanza, maana kwa Bi Mejumaa hakuna mgeni anayezungumza na njaa. Alitupikia sima na mboga ya mchunga iliyoungwa nazi. Baadaye akatupeleka shambani. Upande wa msitu mahindi yalikuwa yamevunjwa na kulazwa, magunzi yametapakaa. Katikati mtambo ulisimama na kutu zake, vifuniko vimetulia. Tulipopita mbele ya jicho lake ukaanza tena: "Mwa... Mwa..." Bi Mejumaa alisimama papo hapo, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Ndipo Mwanasha akasema. Alisema yote, kwa heshima na bila kupamba: upawa, mlango, kuku, siku za eda. Bi Mejumaa hakumkatiza hata mara moja.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani umetuchoka."

"La, mama."

"Nami nikuambie langu. Wajua mimi husikiliza nini? Maneno yake yote nimeyajua. Huwaambia nyani, huwaambia nguruwe mwitu, hukuita wewe. Mimi simo. Lakini kila asubuhi nasema, huenda liko moja halijatoka bado. Huenda aliniita mimi nami nilikuwa kisimani." Akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Liko?"

 Nikamtazama Mwanasha. Aliifungua leso, akaiwasha simu, akaandika nambari ya siri bila kufikiri.

Tulikaa juu ya mkeka uani tukasikiliza sauti zote, moja baada ya nyingine. Bakari akipiga kelele, Bakari akipiga mbinja, Bakari akicheka katikati ya tusi alilowatukania nyani. Mwanasha alipoitwa, alifumba macho, lakini hakuondoka. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, kwa Mungu niliyelelewa kumwomba kanisani, kwamba neno moja litokee. Faili ya mwisho ilikuwa kelele za vifuniko tu.

"Mama," nikamwambia, "halimo."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kujua. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mwanasha akasogea karibu naye.

"Mama, hayo yote ni maneno ya kufukuza. Mimi niliingia kwa kupita tu. Wewe angekuwekaje humo? Alikuwa na sababu gani ya kukufukuza wewe?"

 Bi Mejumaa akaulaza mkono wake mgongoni mwa mkwewe, wakakaa vivyo hivyo mpaka adhana ya magharibi ikasikika, wakainuka kwenda kutawadha.

Asubuhi ya pili niliufungua mtambo. Bakari alikuwa ameliweka sanduku la umeme juu kabisa ya mlingoti uliochomekwa kwenye pipa na kulifunga kwa boliti ngumu, ili mikono ya nyani isilifikie. Mikono ya watu pia haikulifikia. Ilinibidi nipande ngazi. Ndani sisimizi walikuwa wamefanya makazi, na kadi ilikuwa na kutu ya kijani. Swichi ya kuzimia haikuwako. Bakari hakuiweka, kwa kuwa hakudhani atakuja mtu wa kutaka kuuzima.

Nilipokuwa huko juu, nyani walitoka. Walikuja kwa utulivu, jike na watoto mbele, na dume kubwa likakaa juu ya kichuguu kututazama kama mwenye shamba anayekagua vibarua. Nilikuwa na kadi mpya na betri mpya mkononi. Nikamwuliza Bi Mejumaa niweke nini.

"Sauti ya mwanangu si ya kufukuzia nyani," alisema. "Iondoe humo. Iweke mahali pa kusikilizwa. Huku tia yangu."

"Mama, watu husema nyani hawaogopi wanawake."

"Wataanza leo."

Nikashuka nikamsogezea simu yangu karibu na mdomo, nimrekodi. Mwanamke huyu alikuwa amewapigia nyani makelele maisha yake yote, lakini alipoiona simu aliona haya. "Ondokeni basi," alisema kwa upole, kana kwamba anaaga wageni. Mwanasha akaangua kicheko, akajiziba mdomo, akaogopa amekosa adabu. Kisha akatungua vifuniko viwili kwenye rimu, akajifunga leso kiunoni, akaingia mahindini akivigonga na kupiga ukelele ambao sikudhani anao. Bi Mejumaa akamfuata. "Tokeni! Washenzi nyinyi! Hapa pana wenyewe! Hapa pana watu!" Walikwenda hadi ukingo wa shamba, mmoja mbele mmoja nyuma, wakilia na kupiga kelele kwa wakati mmoja, nami nikayarekodi yote. Hayo ndiyo niliyoyatia mtamboni. Dume lile lilishuka kichuguuni likasogea hadi miti ya mwanzo. Halikwenda mbali zaidi ya hapo.

Sauti za Bakari nilizihamishia kwenye kadi nyingine, nikaitia katika redio ndogo ambayo Bi Mejumaa huisikilizia mawaidha. Nikamwonyesha kitufe. Hakutaka zote, alichagua ile ya kicheko peke yake. Akaisikiliza mara moja hadi mwisho, akaizima, akainuka kwenda kumenya mihogo.

Nilimwuliza Mwanasha kama niifute ile inayomwita.

"Usiifute," alisema. "Iache humu simuni. Nikitaka kuitwa, nitabonyeza mwenyewe."

Niliondoka Mkongani peke yangu mchana huo, kwa maana Mwanasha aliombwa abaki siku chache, naye akakubali. Kabla sijaondoka nilifunga swichi chini ya mlingoti, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, nikawafundisha wote wawili kuitumia. Barabara ya kuteremka Kombani ilikuwa tupu, na nilikwenda polepole. Nilikuwa nimemlilia Bakari siku ya mazishi, lakini nadhani nilimzika njiani pale.

Habari zilizonifikia baadaye si za ushindi mkubwa. Nyani walipata sehemu yao, Bi Mejumaa akavuna iliyobaki. Mwanasha hakurudi kuishi Mkongani, lakini humpeleka mtoto kwa bibi yake, na huwa hawaondoki siku ile ile. Nimeambiwa mtoto akisikia bibi akifoka shambani huku bibi huyo huyo amempakata, humtazama usoni, hutazama shambani, kisha hucheka.

Mimi nimejifunza jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Bakari aliufikiria mtambo wake kwa uangalifu mkubwa, akajua sikio la nyani huchoshwa na nini na huogopa nini. Masikio yaliyokuwa jikoni, hatua chache kutoka pale, hakuyafikiria, wala mimi niliyemsaidia kulifunga lile jicho sikuyafikiria.

Si siku nyingi tangu niitwe Diani na bwana mmoja anayejenga nyumba. Alitaka lango liwakaribishe wageni kwa sauti yake mwenyewe, yeye awepo asiwepo. Nikamwambia inawezekana, ila ningependa tuweke swichi ndani ya nyumba, mahali ambapo mkewe ataifikia bila kupanda ngazi. Alicheka akauliza ya nini. Nikamweleza. Akatazama kuelekea dirisha la jikoni, kisha akaniambia nifunge kengele tu.