Kompyuta Aliyoniachia

Mwanamume niliyeishi naye alipohamia Mbamba Bay alichukua kompyuta mpya, godoro, na redio ya gari, ingawa gari hatukuwa nalo. Kompyuta ya zamani aliiacha mezani. Nilimuuliza kama haichukui na hiyo. Alikuwa anafunga mzigo kwenye pikapu ya rafiki yake, majirani wamesimama wanatazama.

"Baki nayo uandikie maazimio yako ya kazi ya shule," alisema. "Kwa gemu haifai. Kama wewe tu."

Jirani mmoja alicheka. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti mbele ya ile kompyuta iliyozimwa, nikaapa kwamba atalijutia neno lile.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mbinga mjini. Yeye alikuwa fundi simu. Tulijuana kwa sababu ya gemu ya mpira: nilikwenda kwenye kibanda chake kubadilisha kioo cha simu, nikamkuta anacheza, nikamwambia beki wake wa kushoto anapanda sana. Akanipa padi ya kuchezea, akasema, "Haya, cheza wewe." Nikamfunga. Tangu siku hiyo hatukuachana, mpaka alipoamua kuachana. Ili tufunge ndoa ya kanisani tulikuwa tunasubiri msimu mzuri wa kahawa kwa wazazi wangu, kijijini Mapera. Msimu mzuri ulikuja, naye akawa ameshapata mtu mwingine huko ziwani, mwenye fremu ya duka karibu na bandari. Wakafungua humo ukumbi wa gemu.

Mama yangu aliponipigia alisema nimwachie Mungu. Nilimwambia sawa, mama. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei za kadi za picha za kompyuta.

Ile kompyuta iliwahi kuwa ya ofisi. Ilinunuliwa mnadani, ina sanduku refu jeusi, na haikuwahi kuwa na kadi ya picha ya peke yake. Kazi yote ya kuchora picha ilifanywa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mzee wa watu. Gemu mpya ya mpira ukiifungua, wachezaji walitembea kama wamekanyaga ulimbo. Mpira ulipigwa upande huu, ukaonekana tena ukiwa umeshafika upande wa pili. Katika hali hiyo huwezi kumfunga mtu, na mimi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumfunga.

Kabatini alikuwa amesahau suti yake ya bluu, ile aliyoshonewa kwa ajili ya harusi yetu. Niliipeleka shuleni, nikamuuzia mwalimu mwenzangu aliyekuwa anaposa. Ilimkaa vizuri kuliko mwenye nayo. Nikaongeza na akiba yangu, nikaagiza kadi iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Nilichagua kubwa kuliko zote nilizoweza kuzimudu. Nilichagua kwa hasira, sikupima chochote.

Ilipofika stendi nilikwenda kuichukua kama ninayempokea mgeni. Nyumbani nilifungua sanduku la kompyuta, nikaisogeza kadi mahali pake, ikagoma kuingia. Ilikuwa ndefu, ilikuwa nene, na ilikuwa na tundu la waya wa umeme ambao kompyuta yangu haikuwa nao kabisa. Niliizungusha huku na huku mpaka nikajikata kidole kwenye bati. Niliona kama yuko nyuma yangu, ananiangalia, anatabasamu.

Kesho yake baada ya vipindi niliibeba hadi kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Watu wake walitoka pwani zamani, naye bado anaongea kwa utulivu wa huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Aliipokea kadi, akaigeuzageuza. "Hii umenunua kadi au umenunua tofali?"

Sikucheka. Aliniangalia usoni, akaacha mzaha, akaniuliza naitaka ya kazi gani.

"Kuna mtu nataka kumfunga," nilisema.

"Kwenye mpira?"

"Kwenye mpira."

Alinieleza taratibu kwamba kompyuta za ofisi huja na pawasaplai ndogo, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, na kwamba tofali langu lingeizima kompyuta kila ninapofungua gemu. Akaniletea kadi fupi, ya feni moja, inayochukua umeme wake palepale inapochomekwa, bila waya wa ziada. Ilikuwa imetumika, lakini safi. Tukabadilishana, na juu yake akanipa kipande cha RAM, kumbukumbu ya ziada ya kompyuta. "Prosesa yako ni ya zamani, usiidai makubwa," alisema. "Kwenye mipangilio ya gemu punguza majani ya uwanjani na mashabiki jukwaani. Wachezaji watakimbia."

Safari hii kadi iliingia na ikatoa mlio mdogo wa kukaa sawa. Nilifunga skrubu, nikachomeka kila kitu, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Nilizima, nikawasha tena. Nyeusi. Niliichomoa kadi, nikaifuta, nikairudisha. Nyeusi. Hapo nililia, na sikulilia kadi. Nililia maneno ya kwenye pikapu, na kicheko cha jirani, na kitenge cha harusi ambacho mama alikuwa ameshakinunua. Nilipomaliza kulia niliinama nyuma ya meza kuchomoa waya nilale, na ndipo nilipoona nimechomeka waya wa skrini kwenye tundu lake la zamani, siyo kwenye kadi. Nikauhamisha. Picha ikaja, angavu, na nilipofungua gemu wachezaji wote walikimbia kama watu.

Nilifanya mazoezi jioni zote nilizoweza, baada ya kusahihisha madaftari. Kisha nikaunganisha simu kupata intaneti, nikajiunga na kundi la wachezaji wa mkoa wetu kwa laini mpya. Yeye ndiye aliyelianzisha, na alikuwa anajitangaza humo kuwa hakuna wa kumfunga kuanzia Songea hadi ziwani. Nilijiita Babu wa Songea, nikamwomba mechi.

Nilimfunga. Akasema intaneti yake ilikuwa mbaya. Tukarudia, nikamfunga tena. Nilikuwa najua kila tabia yake: akibanwa hupiga mipira mirefu upande wa kulia, akifungwa hukosa subira na kupandisha mabeki wote. Aliishi nyumbani kwangu; nilimjua akicheza kama nilivyomjua akila. Baada ya mechi kadhaa aliniandikia faraghani.

"Shikamoo babu. Unatumia kompyuta gani?"

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, ugali unaiva. Nikaketi kwanza. Kisha nikaandika: "Marahaba, mjukuu wangu. Ya kawaida tu, ya nyumbani."

Sijawahi kuandika maneno matamu kama hayo. Aliendelea kuniamkia kila siku, hata kundini mbele ya wote, nami nikaendelea kumwitikia, na kumfunga.

Watu wa kundi walianza kumtania. Ili kuwanyamazisha, alimwalika Babu wa Songea ukumbini kwake, wacheze mbele ya watu, Jumapili baada ya misa. Nilikubali. Niliteremka Mbamba Bay siku moja kabla nikiwa na begi dogo na padi yangu, nikalala kwa mwalimu rafiki yangu wa huko, na kesho yake nikasali kama wengine. Sikuomba chochote. Niliogopa kuambiwa hapana.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Alikuwa amesimama mlangoni, anawaeleza watu jinsi atakavyomrudisha mzee kwa wajukuu wake. Aliponiona aliziba mlango kwa mkono.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Umenialika," nilisema.

"Nimemwalika nani? Namsubiri babu mmoja wa Songea."

"Marahaba," nilimjibu.

Ilimchukua muda. Niliona ikimwingia usoni kidogokidogo, salamu moja baada ya nyingine. Watu wa karibu waliielewa kabla yake, wakapiga kelele, na kelele ikatembea mpaka nje.

"Sichezi na huyu," alisema. "Huyu nilimwacha."

"Unamwogopa?" aliuliza kijana mmoja mvuvi, na ukumbi mzima ukaanza kupiga meza. Hakuwa na njia. Akaketi.

Nilimfunga polepole. Ningeweza kumaliza mapema, lakini nilimwacha asawazishe, nikamwona akipumua, ndipo nikafunga tena. Mwishoni alipandisha mabeki wote, kama nilivyojua, nikapita katikati ya uwanja mtupu na kusimama na mpira mbele ya goli. Sikupiga. Nilimgeukia kwanza, nikahakikisha ananiangalia.

"Umekuja kunidhalilisha mbele ya wateja wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," nilisema, nikapiga.

Nilipokuwa natoka, mwanamke wa pale kaunta alinishika mkono. Ndiye yeye, mtu wake mpya, mwenye fremu. Nilijiandaa kutukanwa.

"Dada," alisema, "mimi aliniambia hujui hata kuwasha kompyuta."

Nilikwenda kwa mama mmoja anayekaanga mbasa, nikala samaki mzima peke yangu, na nilikuwa na furaha. Watu husema kisasi kinaacha ladha chungu. Mimi nililala vizuri, na Jumatatu alfajiri nikapanda kurudi kwangu.

Kundi alilifunga. Nasikia huko bandarini bado wanamwita Mjukuu, na mtu akitaka kumuudhi anamwitikia marahaba kabla hajasalimiwa. Kwa muda jioni zangu zilikuwa tupu. Sikuwa na wa kumwinda. Halafu siku moja ilikuja namba nisiyoijua. Alikuwa yule mwanamke. Anataka kujifunza kucheza, alisema, na ile kompyuta ya ukumbini siku hizi inakwama. Je, aweke kadi gani?

Nilimjibu palepale, kwa maelezo marefu kuliko andalio la somo lolote nililowahi kuandika. Kadi, RAM, mipangilio yote. Mwishoni nikamwandikia na yale ya mabeki anaowapandisha mwenzake akifungwa. Nataka sasa awe yeye wa kumfunga, palepale nyumbani kwao, kila jioni.