Amani Iliyomnyima Kaka Kibanja

Majina ya wote waliokaa uani siku ile ninayo, wa kwanza hadi wa mwisho. Siyataji, maana wajukuu wao wanakula kwangu.

Kaka yangu alichukuliwa na Mwingereza kuwa askari. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alikuja kwetu Nshamba akatuambia tusilie, vijana hawaendi vitani, wanakwenda nchi ya watu kutunza amani tu. Amani! Amani gani hiyo ya bunduki?

Aliporudi, tata, baba yetu, alikuwa ameshazikwa, na kibanja chake cha migomba kilimngoja kaka, mwana wa kiume wa pekee. Kwetu mrithi hukamua rubisi, pombe ya ndizi, kwa miguu yake mwenyewe, ukoo unywe, ndipo akabidhiwe migomba ya baba. Basi ndizi zikaiva, tukazimenya, tukazichanganya na nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Kaka akanawa miguu, akaingia. Hatua ya kwanza tu, akaruka nje.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Dada, chini ni laini. Kule tulichoma kijiji, tukaamriwa tupite. Watu walikuwa wamelala njia nzima. Tuliwakanyaga."

Baba yetu mdogo akacheka. "Tazameni askari wa Mwingereza! Kashindwa na ndizi!" Na wenzake wakacheka.

Kaka akajaribu tena. Akatapika.

Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia mimi. Mwanamke kukamua ni mwiko, nilijua. Nilikanyaga kwa hasira mpaka maji yakaanza kutoka.

"Waitu, jamani, toka humo! Unatutia nuksi!" wakafoka wanaukoo.

"Nitatoka mkimpa kaka kibanja chake."

Wakanivuta, wakaupindua mtumbwi. "Mrithi hajakamua," alisema baba mdogo, na jioni ile mkewe alishakata mkungu kwenye migomba ya tata.

Tukaenda Bukoba kwa Bwana Shauri. Akatuambia yeye haingilii mila zetu. Alipokuja kumchukua kaka, mila alimuuliza nani?

Kaka akabaki mjini, mlinzi wa maduka pale mtaa wa Bakoba. Alipokufa, baba mdogo alikataza asizikwe alipozikwa tata. Mume wangu, Mungu amweke pema, akatoa nafasi kwenye kibanja chetu. Watu wa ukoo wakaja wanalia, mikono kichwani. Nikasimama njiani, nikawaambia wakalilie kwao.