Mikono ya Johara Forodhani

Wanawake wa Adeni walimpenda wifi yangu Johara, ila harusini hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Nani akae na mtu aliyemshika kiuno kila mgeni wa kike wa mji huu? Chombo kikiingia, makarani wa forodha waliwapekua wanaume uani, wanawake wakaletwa chumba chetu cha ndani. Mimi nilipekua mizigo. Yeye alipekua miili, macho kayafumba. Alisema macho huona haya, vidole havioni.

Alichokuta hakunisimulia, nami umbea ulikuwa ukinila.

"Yule mke wa tajiri wa Kambaya alificha nini hata akalia?"

"Kunywa uji wako, wewe, utapoa."

Siku moja ikaingia meli ya Mangaluri, Uhindini, akashuka Durra, binti yake Johara, aliyeolewa huko na mfanyabiashara Mufadhali. Tulikuwa hatujamwona tangu harusi yake. Kesho yake yeye na mumewe wangeendelea na safari mpaka Jeda. Durra alimkumbatia mama yake, akamsifu mume: nyumba ya ghorofa, watumishi, hariri.

"Mama, mimi si nipite tu? Mwanao huyu," alisema Durra akicheka.

"Humu ndani sina mwana. Inua mikono."

Nikajua kaficha miski, akwepe ushuru. Nikasogea nione.

Johara akafumba macho. Vidole vikapita nyweleni, shingoni, vikashuka mgongoni, vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena polepole. Durra akaacha kucheka.

"Nilianguka ngazini, mama."

"Na huku ubavuni?"

Durra akatazama mlangoni, upande wa uani alikokuwa mumewe. Moyo wangu uliniuma, nikaona aibu kwa kuwaza miski.

Kanuni ya forodha ilikuwa moja: Johara akisema "apite", mtu huenda zake. Akisema "nimezuia", hakitoki kitu langoni mpaka aridhike yeye, hata kiwe cha nani.

Karani Yakuti akauliza nyuma ya pazia, kama kawaida yake, "Umekuta kitu, Bi Johara?"

"Nimekuta."

"Mali gani?"

Johara alikuwa akimfunga binti yake nguo.

"Nimezuia," alisema. "Mwenye meli asimngoje."

Nje Mufadhali akafoka. "Mnazuia nini? Mke wangu hana kitu!"

Yakuti alikuwa ameelewa. Naye ana mabinti.

"Bwana, rudi nyuma," alimwambia. "Bi Johara hajaridhika."

Kisha nikasikia komeo la lango likisukumwa kufunga, Mufadhali akiwa nje.