Satini ya Buluu Haifichi Kitu

Miaka kadhaa iliyopita, mgeni akiuliza katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kibanda cha fundi Antoinette kiko wapi, hakuna aliyejisumbua kunyoosha kidole. Aliambiwa asimame kidogo, asikilize. Kabla hajachoka kusimama, kicheko kingepasuka upande wa wauza maharagwe, kicheko kipana cha mwanamke wa Bukavu mwenye kifua cha kuimbia, na mgeni angekifuata mpaka kwenye cherehani. Mama Bienvenu, kama wote wanavyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alicheka kwa mwili mzima. Alipiga meza, alimvuta mteja bega, pini zikamwagika, na hakuna aliyekasirika.

Kisha kicheko kikaanza kupungua. Kwanza akawa anacheka akiwa amekaa tu. Halafu akawa anacheka akiwa amekaa na kukunja miguu, ameshika ukingo wa meza kama abiria wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu, anayepita kwenye mashimo. Mwishowe ikabaki "hm-hm" moja ya puani. Wengine walisema ameanza kiburi. Wengine walisema ameokoka mara ya pili, na safari hii vibaya. Aliyeumia kuliko wote ni mumewe, Télesphore, mwalimu wa shule ya msingi anayejihesabu kuwa mchekeshaji, na ambaye kwa miaka ishirini alikuwa na mtazamaji mmoja wa uhakika. Alidhani vichekesho vyake vimezeeka. Akaanza kuvisimulia kwa sauti ya juu zaidi, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote pale nyumbani.

Ukweli ulikuwa mdogo, tena wa majimaji. Tangu amzae Merveille, mtoto wake wa tano, miaka sita nyuma, Antoinette akicheka mkojo ulimtoka. Akikohoa, akipiga chafya, akiinua dumu la maji, ulimtoka. Kijiko tu, siku nyingine zaidi ya kijiko. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, na aliamini kwamba ndivyo mwili wa mama unavyokuwa, basi.

Badala ya kusema, alitumia akili, na akili anayo. Kuanzia Jumamosi mchana hakunywa maji mpaka ibada ya Jumapili iishe. Alivijua vyoo vyote kati ya nyumbani na kanisani, na alivipitia kimoja kimoja hata pasipo haja, kwa tahadhari tu. Na kwa kuwa yeye ndiye fundi wa kwaya, wala hakuna anayebishana na mwenye mkasi, kwaya ilivaa sketi nyeusi miaka miwili mfululizo, zenye kitambaa cha ndani mara mbili upande wa nyuma. "Nyeusi njo rangi ya heshima," aliwaambia, uso mkavu kabisa.

Halafu kulikuwa na mkanda. Kule Bukavu, kila alipojifungua mmoja wa wale wanne wa kwanza, mama yake alimfunga tumbo kwa kitenge kilichokunjwa, wiki kadhaa, ili tumbo lirudi. Wanawake wengine hufungua na kuendelea na maisha. Antoinette, alipoona mambo yanaponyoka huku chini, aliwaza kama fundi: kitu kikilegea, kaza. Kwa miaka sita kila asubuhi alikifunga kile kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano ndani ya nguo, akakivuta mpaka pumzi ikaishia mabegani. Kadiri alivyovuja, ndivyo alivyokivuta zaidi.

Mwezi wa tano, barua ikaja. Kanisa moja la mtaa wa Area 47, Lilongwe, liliialika kwaya mwishoni mwa mwezi wa nane. Wanakwaya walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika. Na hapo Rosette, kijana wa sauti nyembamba aliyekuwa amerudi kwaya baada ya kujifungua, akasimama.

"Bamama, nyeusi imetosha," alisema. "Tuko chorale, hatuko ku matanga. Tuvae satini ya buluu. Buluu ya mbingu!"

Vigelegele tena. Antoinette aliiona ile satini kichwani mwake, nyororo, nyepesi, inayoonyesha hata tone la jasho. Gélase, kiongozi wa kwaya, mtu mwembamba mwenye furaha ya kupita kiasi, akamalizia kazi. Wimbo wa mwisho, alisema, ungekuwa ule wa kuruka. Kuruka kwenyewe ni mara arobaini, na mwimbishaji wa mbele, ndiye Antoinette, huruka peke yake zile kumi za kwanza.

"Mi naumwa na goti," alisema Antoinette.

"Pole, mama," alisema Gélase. "Basi kama goti haiponi, Rosette njo atasimama mbele."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilimchoma. Antoinette alisimama mbele ya kwaya tangu ana miaka kumi na tisa. Katika kambi ambako wiki nzima mtu husimama kwenye foleni nyuma ya wengine, Jumapili ilikuwa siku yake ya kuwa na watu nyuma yake. Hakutaka kuiachia. Alirudi nyumbani amenuna, na Télesphore alipojaribu kichekesho cha padri na bata, hata ile "hm-hm" hakuipata.

Satini ilibidi ikanunuliwe Lilongwe, na fundi ndiye mnunuzi. Akachukua kibali cha kutoka kambini, sababu ya safari: nyuzi na vitambaa. Akaandamana na jirani yake Claudette, Mnyarwanda anayeuza viatu vya mitumba na anayesema Chichewa, lugha ya Wamalawi, kama amezaliwa palepale wilayani Dowa. Walipofika karibu na Kanengo, minibasi iliruka tuta, Antoinette akafumba macho na kuguna. Claudette alimtazama usoni, akatazama jinsi alivyobana magoti.

"Si goti," alisema Claudette.

"Iko goti."

"Mama Bienvenu, mi nilizaa mapacha. Usinidanganye." Akamwambia dereva awashushe Area 18.

Huko kulikuwa na kliniki ndogo ambamo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kimalawi aitwaye Zione, huwaona wanawake. Claudette aliwahi kufika pale na hakuwahi kumwambia mtu. Walisalimiana, zikomo kwa zikomo, yaani asante kwa asante, kisha Antoinette akasimulia. Mwanzoni alinong'ona, lakini Claudette alitafsiri kwa sauti ya mtu anayenadi viatu, hivyo kunong'ona hakukuwa na faida tena. Zione aliuliza mengi: watoto wangapi, maji anakunywa kiasi gani, choo kikubwa kinatoka kwa shida au la, mizigo anainuaje. Hakushtuka hata mara moja. Halafu akamwomba apande kitandani, na akaukuta ule mkanda. Ilichukua muda kuukuta mwisho wake.

Zione akachukua tyubu ya dawa ya meno kwenye mkoba wake, akaiminya katikati kwa nguvu. Dawa ikachungulia mdomoni mwa tyubu.

"Anasema hii njo we," alitafsiri Claudette.

Antoinette aliitazama dawa ya meno kwa muda mrefu. Miaka sita! Aliona hasira, akaona aibu, kisha akamkumbuka mama yake akimfunga kwa mapenzi, na hakujua amlaumu nani. Zione alimwambia mama yake hakukosea kumhudumia mwanawe aliyetoka kujifungua. Kosa lilikuwa kukaza mno, na kutofungua.

Kisha akamweleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama sakafu, inashika kibofu, mji wa mimba na utumbo. Ikichoka inaweza kufundishwa, ila si kwa mkanda, kwani inapanda na kushuka pamoja na pumzi. Antoinette avute pumzi, na anapoitoa, aikaze na kuiinua.

"Aikaze namna gani?" alitaka kujua Antoinette.

Claudette hakungoja hata kutafsiri. "Ni kama uko kanisa, pasta anaomba, bantu bote beko kimya, na ulikula maharagwe. Ile mulango, ufunge! Na ya mbele pia."

Antoinette akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani, kikatoka chote bila ruhusa, na mambo mengine nayo yakatoka bila ruhusa, palepale kitandani.

"Njo hiyo," alisema, akionyesha kwa kidole, machozi yakimtoka. "Mwambie njo hiyo."

Zione, ambaye hakujua Kiswahili, alielewa. Alicheka naye, akabadilisha shuka, wakaanza upya. Mara ya kwanza Antoinette alikaza makalio. Mara ya pili alikaza makalio, ngumi na taya. "Anasema uso yako haina kazi humo," alitafsiri Claudette. Mara ya sita alikaza kilichotakiwa. Aliondoka na maagizo: zoezi kila siku, mara tatu, kwa miezi mitatu, kukaza kabla ya kukohoa, kutoa pumzi anapoinua mzigo, kunywa maji, na si kuyakimbia, kula mboga asipate shida chooni, asiende chooni pasipo haja. Na mkanda kwenye mkoba, usionekane tena tumboni. Satini walinunua pia, maana kibali ni kibali.

Alikaza akikanyaga cherehani, mshono mmoja akikaza, mshono mmoja akiachia, na kwa mara ya kwanza koti la mwalimu mkuu likatoka na mishono iliyonyooka ajabu. Alikaza kwenye foleni. Lakini mahali pazuri kuliko pote palikuwa kanisani, kwa kuwa mahubiri ni marefu na viti ni vigumu. Alifumba macho, akavuta pumzi, akakaza, akahesabu mpaka tano, akaachia. Uso bado haukuwa umeelewa kwamba hauna kazi, hivyo paji lilikunjana na kukunjuka. Jumapili ya tatu mchungaji alisimama katikati ya neno.

"Mutazame Mama Bienvenu!" alisema. "Tangu saa tatu anaomba, anashindana. Nani hapa anaomba vile?"

Akaongeza nusu saa kwa ajili yake. Antoinette akapata zoezi la nne siku hiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Télesphore alimwona mkewe anakunywa maji glasi kwa glasi, anapuliza "fuuu" kila akiinua dumu, na asubuhi analala chali kupumua kwa tumbo. Aliogopa kwamba amejiunga na dhehebu jipya. Siku moja mchana, watoto wakiwa shuleni, alifunga mlango na kuuliza.

"Mama Bienvenu, unipashe kweli. Ni nani banakufundisha hii maombi?"

Antoinette aliketi kitandani akamwambia yote, mkanda na dawa ya meno na shuka la Zione. Télesphore alitazama sakafu, halafu akainua macho yenye matumaini ya kutia huruma.

"Kumbe vichekesho vyangu havikuwa vibaya?"

"Vingine," alisema Antoinette, na akamshika mkono.

Kesho yake mwalimu Télesphore alionekana bombani na madumu mawili, akipuliza "fuuu" kwa ushirikiano. Wanaume wenzake walimcheka wiki nzima. Aliwaambia ni mapenzi, waende nao wakajaribu.

Hakupona kwa wiki, wala kwa mwezi. Kuna siku alikaza na bado chafya ikamshinda, akarudi nyumbani kubadili nguo akilia kwa hasira. Lakini mwezi wa saba alikohoa mafua siku mbili akabaki mkavu, na mwezi wa nane alimwambia Gélase goti limepona. Rosette alipiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kidogo.

Area 47 ilijaa watu siku hiyo, mpaka madirishani. Antoinette alitoka mbele akiwa amevaa buluu ya mbingu, bila kitambaa cha ndani mara mbili, na alikuwa amekunywa maji asubuhi. Aliogopa kweli. Akavuta pumzi, akaimba, na kwa vile kuimba ni kutoa pumzi, alikuta nusu ya kazi imeshajifanya. Akaruka. Moja. Tano. Kumi. Mkavu! Kwaya ikaingia nyuma yake, sakafu ikanguruma, wenyeji wakasimama kwenye viti, na kwenye mruko wa arobaini Gélase, kwa furaha yake ya kupita kiasi, akaruka juu kuliko wote, na suruali ya satini ikapasuka nyuma kutoka kiunoni hadi inakojulikana.

Walijizuia mpaka uani. Huko, nyuma ya ukuta, kwaya nzima iliangua kicheko, na juu ya vyote kikapanda kile cha Antoinette, kikubwa, kipana, cha mwili mzima, kilichokuwa kimepotea miaka. Alipiga ukuta. Alimvuta bega aliyekuwa karibu.

Bega lilikuwa la Rosette, na Rosette hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshuka taratibu, amekaa kwenye ngazi, mikono magotini, anatazama mbele kwa uso ambao Antoinette aliujua kama anavyoujua wake. Alama kwenye satini ilikuwa inasambaa. Mtoto wake alikuwa na miezi kumi.

Antoinette angeweza kusema neno moja tu, na nafasi ya mbele isingeulizwa tena maisha yake yote. Hilo lilimpitia, tusimfanye malaika. Kisha akafungua mkoba, akakitoa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, akakitandaza magotini kwa Rosette, akamwinua, akamfunga kiunoni. Alikifunga bila kukaza.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu nizae," alisema Rosette. "Nilifikiri ni mi tu."

"Na buluu je? Kwa nini ulichagua buluu?"

"Siku ile ilikuwa inatoka kidogo tu. Nilifikiri itaisha."

Ndani ya basi la kurudi walikaa pamoja kiti cha nyuma. Antoinette alimnong'oneza habari ya pumzi, ya mlango, ya maharagwe. Kisha wakanyamaza, wakafumba macho wote wawili, mapaji yakikunjana na kukunjuka pamoja. Gélase, aliyekaa kwa uangalifu mkubwa juu ya gazeti, aligeuka akawaona. Alimgusa dereva bega na kumwomba azime redio, kwa kuwa bamama walikuwa katika maombi.