Kostumu Haifuliwi kama Shuka

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipokuwa msichana wa kazi huko Kileleshwa, Nairobi. Niliruka ndani ya bwawa la kuogelea, na kostumu yangu, ile nguo ya kuogelea, ikaamua kubaki juu. Mimi nilishuka, yenyewe ikapanda mabegani, imejaa hewa kama mfuko wa karatasi uliopulizwa. Nilipoibuka nilikuwa nimeshika kifua kwa mkono mmoja na kiuno kwa mkono mwingine, na mtu aliyeshika nguo kwa mikono miwili haogelei. Huyo anazama kwa adabu.

Ukingoni alikuwa amesimama Kocha Wafula, aliyewafundisha kuogelea watoto wa ghorofa tulimokaa. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mueni," akasema, "siku ya mtihani mimi nitakuwa ndani ya maji najifanya nazama. Sasa niambie, utashika mimi ama utashika nguo?"

"Nitakushika wewe, kocha."

"Na nguo itashikwa na nani? Wiki tatu ndio zimebaki. Kuja na kitu inakushika, ama hiyo kazi nipee mtu mwingine."

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wake. Akina mama wengi wa Kilimani na Kileleshwa walitaka kujifunza kuogelea, lakini hawakutaka kushikwa mgongo na mwanamume mwenye filimbi. Kocha alihitaji mwanamke, na mwanamke aliyekuwa karibu na maji kuliko wote ni mimi. Nilihesabu mara mbili faida za kazi ile. Ya kwanza, ningeacha kufua shuka za watu. Ya pili, ningekuwa na jina langu: Mwalimu Mueni, si "yule msichana wa nyumba ya juu". Nilipohesabu mara ya tatu nilikuta nimeshaanza kuitaka kupita kiasi, nikaacha kuhesabu.

Labda unajiuliza msichana wa kazi alijuaje kuogelea. Nilifunzwa na nyonga ya mtu mwingine. Mama yake mwajiri wangu, ambaye nyumba nzima tulimwita Shosho, yaani nyanya, alikuwa na nyonga mbovu, na daktari wake wa Upper Hill akamwambia dawa ni maji. Shosho alikuwa mama wa kanisa kutoka Kiambu, mwenye vyumba vyake vya kupangisha, na hakuna mpangaji wala shetani aliyemtisha. Maji yalimtisha. Ikabidi niingie naye, nikimshika mkono. Mwaka ulipokwisha yeye alikuwa akielea kama bata, na mimi nilikuwa nikivuka bwawa lote kwa pumzi moja.

Kostumu ya Shosho ilikuwa nyeusi, yenye kisketi kifupi. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa kadhaa za jengo lile, na bado imebana. Yangu ilikuwa ya waridi, ya mitumba. Nilibishana na muuzaji hadi akaniuliza kama nimetumwa na maadui zake. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, lakini wahenga hawakuwepo sokoni siku hiyo.

Jioni ya Jumamosi ile nilitoka kwenye roshani ya nyuma ya jikoni, pale pa kufulia, nikafanya nilichokuwa nikifanya kila nikitoka majini. Lazima ujue kwamba nilikuwa na sifa ya kufua. Shuka zangu nyeupe zilimfanya jirani mmoja ajaribu kunihonga nihamie kwake. Basi kostumu ikinuka klorini, mimi nilikuwa na jibu: karai la maji moto, dawa ya madoa kifuniko kizima, brashi, kisha kuikamua mpaka ilie, kisha kamba ya jua kali. Harufu ya klorini ilikwisha ikabaki harufu ya dawa ya madoa, na sikuwahi kujiuliza mbona hizo harufu zinafanana kama pacha.

Shosho akanikuta nimeinua chupa.

"Hiyo ni nini unaweka?"

"Dawa ya madoa, Shosho. Natoa klorini."

Akaichukua chupa, akaishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee wasiotaka kukiri miwani, akasoma.

"Klorini ni nini?"

"Ni dawa ya kuua wadudu kwa maji."

"Na hii?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hii ni ndugu yake, wa baba mmoja mama mmoja. Sasa mtu amepigwa na ndugu mkubwa, wewe unampeleka kwa ndugu mdogo akatibiwe?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliitoa kostumu karaini, akaivuta karibu na sikio langu. "Sikiza." Ikalia kidogo, kama majani makavu yakikanyagwa. Kisha akaiinua kwenye mwanga, nikaona vijinyuzi vyeupe vimechomoza kila mahali kama mvi.

"Ile uzi ya kuvutika imekatikia huko ndani," akasema. "Hii imekufa."

"Nikiishona pembeni, nipunguze?"

"Utashona maiti, ndio nini? Ikauke iende kusugua sufuria."

Nikamwambia kuhusu mtihani, kuhusu wiki tatu, kuhusu maneno ya kocha. Sikulia, lakini pua ilianza kufikiria. Shosho akavuta kiti cha plastiki, akakaa na nyonga yake, akanitazama.

"Wewe mtoto, kubishana bei unajua. Hata mimi naogopa kuenda soko na wewe. Lakini kutunza hujui. Na mtu anajua kununua peke yake, huyo ni maskini, ni vile bado hajafika." Akapumua. "Usidhani nilizaliwa najua. Mimi niliua mbili kabla ya hii nyeusi. Moja niliacha ndani ya mfuko, imeloa, kwa gari, wiki mzima. Kufungua, nilidhani ni panya."

Jumatatu tulikwenda soko la mitumba la Gikomba. Muuzaji alimpa Shosho stuli, naye akaketi kati ya marobota akitoa amri kama hakimu. Mimi nilivuta kila kostumu, nikasikiliza, nikainua kwenye mwanga, nikatafuta lebo. Shosho alitaka iliyoandikwa poliesta kwa wingi, kwa sababu hiyo haishindwi upesi na klorini. Zile laini zinazoteleza mkononi ndizo hufa mapema. Nzuri zote zilikuwa zimeshaanza kulia. Iliyobaki nzima ilikuwa moja, rangi ya ugali wa wimbi.

"Auntie, hiyo imekungojea wewe," akasema muuzaji.

"Imeningojea kwa sababu watu wengine wote wameikimbia," nikamjibu. "Tangu lini uko nayo?"

"Iliingia jana."

"Na hii vumbi iliingia nayo?"

Shosho akakohoa ili asicheke. Tulibishana hadi jirani yake muuzaji akaja kutuamua, na nikaondoka na kostumu mbaya kuliko zote Nairobi. Ilikuwa imara, lakini. Nilipoivuta ilirudi pale pale, kimya, kama mtu mwenye msimamo.

Basi yakaanza malezi. Shosho alinikataza kuingia bwawani na nguo kavu. Kwanza niiloweshe kwa maji safi, kwa sababu nguo ikishashiba maji yasiyo na dawa, haitainywa sana ile dawa. Alinikataza kujipaka mafuta kabla ya kuogelea. Hilo lilinishangaza, kwa maana sisi tuliolelewa Ukambani mtu akitoka nje bila mafuta anaulizwa kama kwao kuna msiba. "Jipake ukishatoka," akasema, "mafuta hukula lastiki." Alinikataza pia kuketi kwenye saruji ya ukingo, inayosugua nguo kama kikwaruzo cha nazi. Nikaketi juu ya taulo kama bibi harusi.

Nikitoka, kabla ya kuzungumza na mtu, naisuuza kwa maji baridi. Nyumbani naiosha kwa mkono na sabuni kidogo ya kipande, bila brashi. Siikamui. Naikunja ndani ya taulo, nabonyeza, naianika kivulini imelala, isining'inie kwa uzito wake. Mtu aliyezoea shuka huona kazi hii kama kubembeleza mtoto wa tajiri.

Halafu, wiki ya mwisho, mifereji ikakauka.

Anayeishi Kileleshwa anaijua hali hii. Bwawa limejaa chini, bluu, linang'aa, na jikoni mfereji unakohoa hewa. Lori la maji liliahidi kuja likaahidi tena. Mwajiri wangu akatoa sheria: maji ya mitungi ni ya kupika na kunywa, na kila mtu ana beseni moja la kuoga kwa siku. Kufua, hapana. Bafu la nje ya bwawa nalo lilikuwa kavu kama mahubiri ya Jumatatu.

Siku ya kwanza nilirudi na kostumu inayonuka klorini nikaiweka juu ya ndoo tupu. Nikajiambia, siku moja haina neno. Shosho akapita, akaiona, akasimama.

"Umeoga?"

"Bado, Shosho."

"Beseni lako liko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Gawa mara mbili. Nusu yako, nusu yake."

"Shosho, na hii nywele yangu?"

"Nywele haiendi mtihani."

Basi nikaoga kwa nusu beseni wiki nzima, mwanangu, na kama hujawahi kuoga kwa nusu beseni baada ya kushinda kwenye klorini, hujui ngozi inavyoweza kuwasha. Usiku nilijikuna kama mbwa wa jirani. Nusu nyingine niligawa tena: kidogo cha kuiloweshea kabla, kingi cha kuisuuzia baada, na yale ya kusuuzia yakamwagwa chooni, kwa sababu choo nacho kilikuwa na haki zake. Hakuna tone lililotumika mara moja tu pale.

Mtihani ulipofika, tulikuwa wawili tukigombea nafasi ile moja. Mwenzangu alikuwa dada mmoja kutoka Kilimani, mwogeleaji mzuri kunishinda, kostumu yake mpya ya kuvutia, yenye kamba nyembamba za kufunga shingoni. Alipoiona yangu akasema, "Dada, hiyo ni nguo ama ni gunia?" Nikamwambia ni gunia, lakini limeshonwa.

Tuliogelea urefu wa bwawa, tukapiga mbizi kuleta tofali. Yeye aliniacha mbali mara zote mbili, na roho yangu ikaanza kurudi kwenye shuka. Kisha Kocha Wafula akaingia majini na mwili wake wote, akaanza kuzama kwa bidii. Zamu yangu ilikuwa ya kwanza. Nikamfikia, akanidaka mkanda wa bega kwa ngumi, akaning'inia, kama anavyofanya anayekufa kweli. Mkanda ukanyooka, ukarudi. Nikampitisha mkono kwapani, nikamvuta hadi ukingoni, mikono yangu yote ikiwa na kazi moja tu.

Zamu ya mwenzangu, kocha alidaka kamba ya shingo, na kamba ikafunguka. Yule dada akamwachilia kocha ili ajisitiri. Mtu yeyote angefanya vile. Hata mimi.

Kocha akapanda ngazi, akatema maji. "Mueni, Jumatatu, saa mbili kamili. Na hiyo rangi, kwani ulikosana na nani?"

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayefungua begi lako la kuogelea ukakuta nguo imelegea, unamlaani aliyekuuzia. Pengine hana kosa. Klorini haina haraka: inakula nguo hata ukiwa umelala, mradi umeiacha ndani. Isuuze kwa maji baridi kabla ya salamu na soda. Usiitie maji moto, usiitie dawa ya madoa, usiitupe kwenye mashine, usiisahau mfukoni imeloa. Kivuli kitaikausha bila kuipausha. Ukiweza kuwa nazo mbili, zipokezane, maana lastiki nayo hutaka siku ya kupumzika. Na siku utakapoivuta ikalia, usiihurumie. Tafuta nyingine, na usitazame rangi kwanza.

Kitunze kidumu, walisema, lakini mimi nakuongezea: ukitunze kabla hujakihitaji, kwa sababu siku ya kukihitaji haingoji ukajifunze. Watu hubishana nusu siku kupunguza bei, kisha wananyima kitu hicho hicho jagi la maji. Mimi huita huko kushinda sokoni na kushindwa nyumbani.

Mungu akupe maji ya kutosha mferejini, na yakikosekana akupe moyo wa kugawa. Uingiapo majini utoke, na unaowashika utoke nao. Nenda salama, mwanangu, na uanike kivulini.