Coleta Aliyekalishwa Kitini

Coleta Wauters alianza kupiga pasi akiwa na miaka kumi na miwili, na alipofika ishirini na minane hapakuwa na kola ya maana mtaani kwao, kule Ghent, ambayo haijapita mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa makovu ya moto hadi viwikoni. Hakuwa mzuri wa kugeuza shingo za watu, wala hakujidai. Alikuwa na mchumba, Livinus, mwoka mikate, aliyemletea kila Jumamosi mikate ya mdalasini aibane kwa pasi, ndani siagi na sukari, mpaka iwe bapa. Harusi ilingoja neno la mama yake Livinus. Bila ruhusa ya mama huyo, katika nyumba ile hata hamira haikuthubutu kuumuka.

Mwaka 1864 mchoraji mmoja aliyemletea nguo zake azipige pasi alimwomba Coleta amkalie achorwe, kwa maana mkewe hakuweza kutulia dakika mbili. Wenye fedha siku hizo walitaka picha za mabibi wakistarehe sebuleni na chombo kipya mkononi: kisanduku chenye vioo viwili, ukikitia machoni picha bapa inainuka, na milima inakujia karibu uiguse.

"Nikae tu, Bwana?"

"Ukae tu."

"Na kazi yenyewe ni ipi?"

"Ndiyo hiyo. Kaa, mwanamke!"

Akavishwa hariri ya mke wa mchoraji, akapewa kisanduku. Siku tatu za kwanza shingo ilikakamaa na miguu ikamwasha kutaka kusimama. Siku ya nne alitulia. Mle kisandukuni mlikuwa na bonde la theluji lenye njia nyembamba, naye akawa anaipanda kwa macho, polepole, hana haraka. Wiki tatu zikapita hivyo. Makovu mchoraji hakuyachora.

Picha ilipotundikwa kwenye maonyesho, Livinus aliwapeleka Coleta na mama mtu kuitazama Jumapili. Mama akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni. Uso ulizibwa nusu na kisanduku, lakini sikio la Coleta lilikunjamana kwa juu, na bibi huyo hakuwa kipofu.

"Huyu si wewe? Mchana kweupe, umekaa kitako kama paka wa kasisi!"

"Ni mimi, Mama."

"Duka langu la mikate linataka mikono, mwanangu. Macho ya kutazama tu ninayo ya kutosha."

"Mama, ile ilikuwa kazi," Livinus akadakia. "Alilipwa."

"Nyamaza wewe, aseme mwenyewe. Ulikuwa kazini, au ulikuwa unapumzika?"

Watu wawili watatu wakageuka kusikiliza. Livinus alimkazia macho Coleta, akimwashiria kwa kichwa: sema kazi, sema kazi. Neno moja tu, na harusi ingekuwa kabla ya Pasaka. Coleta alilijua neno lenyewe.

"Mwanzoni ilikuwa kazi, Mama," akasema. "Halafu nikapumzika. Miaka kumi na sita sijapumzika, na nilipenda."

"Umesikia kwa masikio yako, Livinus."

Livinus alitazama viatu vyake, kisha akamfuata mama yake nje. Coleta ilimuuma, tena sana, kwa kuwa alimpenda. Katikati ya ukumbi palikuwa na benchi. Akakaa, mpaka mlinzi alipokuja kumwambia wanafunga.