Watoto Wasiopigiwa Pasi

Wajukuu wa mama mkwe wangu walikwenda kanisani na nguo zilizokunjamana. Safi, zimefuliwa zikatakata, lakini ungedhani ng'ombe amezitafuna kwanza. Mbele yao alitembea bibi yao, daktari wa watoto, gauni lake limenyooka hata nzi angeteleza. Watu waliwacheka pembeni. Yeye alikaa benchi la mbele na kundi lake, akafungua kitabu cha nyimbo.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo iliyokunjamana huniuma kama jino bovu. Nilipoolewa pale nilidhani ni uvivu wa mawifi zangu, na Jumapili yangu ya kwanza nikaamua kuwaonyesha kazi. Nikachukua shati la mtoto wa wifi, nikalipiga pasi mpaka kola ikasimama. Mama mkwe akaingia sebuleni akanikuta nalo mkononi, bado linafuka mvuke. Alishika ukingo wa meza, kisha akarudi chumbani kwake, na siku hiyo kanisani hakwenda. Mwanamke ambaye hata homa haikuwahi kumzuia!

"Umemfanya nini mama?" wifi akaninong'oneza.

"Nimepiga pasi tu."

"Mungu wangu. Nguo ya mtoto? Humu ndani hatupigi."

"Kwa nini?"

Hakujua. Hakuna aliyejua. Sheria hiyo waliikuta kama walivyolikuta paa, na nani huuliza paa limetoka wapi? Shati likalowekwa upya. Mimi bibi harusi nikaufyata.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama mkwe hakuwahi kutamka kwamba mgonjwa atapona. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alijibu, "Tutaiona." Wanawe walimtania kwamba hata siku ya kiama atasema tusubiri majibu ya maabara, naye alicheka kuliko wote. Lakini mzazi akimuuliza wodini, kicheko kilikwisha. Alieleza ugonjwa, alieleza dawa, kisha akavuta kiti na kusema, "Kaa hapa, mama. Usiondoke." Kwa ajili ya viti hivyo aligombana na wakubwa wa hospitali mpaka kila kitanda kikapata chake, na wauguzi wakambandika jina la Mama Viti. Asubuhi, kabla ya kuzungukia wagonjwa, alijifungia stoo ya mashuka akapiga magoti. Muuguzi mmoja aliwahi kumsikia mlangoni. Alikuwa akimwomba Mungu akae na watoto wale, basi.

Mimi nilimwona mchoyo. Mungu kakupa ulimi na udaktari, neno moja tu la kumtuliza mzazi unalibania! Niliyasema hayo jikoni, kwa sauti ndogo, mpaka zamu yangu ilipofika.

Binti yangu wa kwanza alikuwa bado hajaanza shule alipopata nimonia. Kifua kilibonyea ndani kila alipovuta pumzi, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tulimlaza wodini kwa bibi yake. Mama mkwe alipasha joto kwapani kile chombo chake cha kusikilizia, kama alivyomfanyia kila mtoto ili baridi ya chuma isimshtue, akasikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Akarekebisha mpira wa oksijeni. Akanivutia kiti.

"Mama, niambie tu atapona."

"Dawa ameanza. Hewa anapata. Kaa naye."

"Sijauliza dawa! Nimeuliza mwanangu. Ni mjukuu wako huyu! Neno moja linakugharimu nini?"

Akainama kumsikiliza mtoto tena. Nikachukua mkoba wangu kwa hasira. Nikamwambia basi nakwenda nyumbani mara moja, nimletee mtoto nguo safi, maana kukaa na kusubiri bila tumaini siwezi.

Akanikamata mkono. Sikujua mikono ile iliyokuwa laini kwa watoto ilikuwa na nguvu kiasi hicho.

"Huendi."

Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, miguuni pa binti yangu, akaniambia jambo ambalo hata mumewe marehemu hakuwahi kulisikia.

Wakati ule alikuwa daktari mpya kazini, akiupenda sana ujuzi wake. Mtoto mmoja wa kiume, ugonjwa huohuo, alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikunywa maziwa, akacheka. Mama yake alikuwa hajatoka wodini tangu walazwe. "Nikamwambia, nenda nyumbani mama, kaoge, umletee nguo nzuri. Jumapili mtakuwa wote kanisani. Atapona. Nilisema hivyo, mwanangu, kama vile mimi ndiye ninayegawa uhai."

Mama yule aliondoka akiimba. Mchana mtoto alibadilika ghafla. Walihangaika naye, wapi. Alikuwa akimwita mama yake, na aliyemshika mkono ni yeye, daktari.

"Mama yake akaja. Ameoga, amesuka nywele. Amebeba shati kwenye viganja viwili kama mtu aliyebeba mayai. Kola imesimama. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Nimvalishe, daktari?' Tukamvalisha wote wawili. Nikafunga vifungo. Shati lilikuwa na joto, bado lina joto la pasi. Mtoto alikuwa amepoa."

Alifuta uso kwa kiganja. "Nikisikia harufu ya pasi, namwona mlangoni. Nikiona duka la dobi, navuka barabara. Nimemwomba Mungu anisamehe na najua amenisamehe. Lakini yule mama bado anakuja."

Niliweka mkoba chini. Nilikaa kwenye kiti kile na mkono wa mwanangu mkononi mwangu, nikiogopa kila pumzi, na sikuuliza tena. Siku zilipita, kifua kikatulia, binti yangu akadai maziwa. Tuliporuhusiwa kutoka, mama mkwe alimbusu mjukuu wake kisogoni. Hata hapo neno lile hakulisema. Tulirudi nyumbani na nguo zilizokunjamana, na mimi fundi cherehani nilizipenda.

Binti huyo sasa ana watoto wake. Mama mkwe alizeeka, moyo ukachoka, ukakataa dawa. Wanawe walikuja kwa zamu chumbani kwake, wakimwambia, "Mama, utapona," naye akawafumbia macho. Mimi nilileta kiti na nguo niliyokuwa nashona, nikakaa. Nilikuwa nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Jumamosi moja alasiri tulibaki wawili. Alifumbua macho akanitabasamia.

"Umechoka, mwanangu. Kesho ibada. Nenda nyumbani kwako kajipumzishe." Akavuta pumzi. "Nitapona."

Miaka yote ile, mara ya kwanza. Na alikuwa mwongo mbaya, maskini, kwa kukosa mazoezi. Nikaichomeka sindano kwenye nguo. Nilijua alichokuwa akiniambia: kifo kimefika, na alitaka nisikione.

"Siendi, mama," nikasema, nikasogeza kiti mpaka kikagusa kitanda.

Alinitazama. Kisha macho yake yakanipita, yakatua mlangoni nyuma yangu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepata mgeni.

"Na yule mama," akasema polepole. "Mwambie naye akae."

Sikugeuka. Nilinyoosha mkono, nikavuta kiti cha pili, nikakiweka upande ule mwingine wa kitanda. Tukakaa naye.